Jenerali Aliyeniposea Mke

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, mwanangu Jeremi, hata niwe nimesimama kwenye foleni ya dukani kule Roseville na watu wakanigeukia. Nimekuwekea habari yake kwa muda mrefu, nikingoja upate sababu ya kuisikia. Jana ulipopiga simu, sababu ikapatikana.

Ulisema hivi, nami sikuongezei neno: "Baba mdogo, Jumamosi tukifika kwa kina Debora, tuseme tu uko manager. Baba yake ni mtu mkubwa, amesoma sana. Just manager, basi." Nikakujibu kwamba nitafikiria. Haya, nimefikiria. Sasa weka hiyo simu mbali, uketi, nikusimulie jinsi nami nilivyoposewa mke hapa hapa Minneapolis, na aliyeniposea alikuwa jenerali wa jeshi la Ujerumani.

Usicheke kwanza. Mahali pa kucheka papo mbele.

Miaka hiyo nilikuwa mgeni mtupu, nimetoka kambi ya wakimbizi Tanzania na koti la kupewa ambalo mikono yake ilinifika kwenye kucha. Nilipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Golden Valley. Kazi yenyewe unaijua, maana ndiyo ninayoifanya mpaka leo: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha wasioweza kushika kijiko, kuwasikiliza. Katika chumba cha mwisho alikuwako Mzee Konrad. Alikuwa mrefu hata akiwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mkewe alipofariki, binti yake aliyeolewa huku alimleta kutoka Ujerumani ili awe naye karibu. Wafanyakazi wenzangu walimkwepa, wakisema ana makuu, maana alitaka shuka ivutwe mpaka isibaki hata mkunjo mmoja.

Mimi na yeye tulipatana siku ya kwanza. Kwetu mtu mzima humgusi kabla ya kumpigia hodi, kwa hiyo nilisimama kando ya kitanda nikamwambia, "Mzee, niruhusu nikuinue." Kisha akanyoosha shingo, akasema kwa sauti ya gwaride, "Ruhusa imetolewa!" Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu wa kila asubuhi. Mimi naomba, yeye anatoa.

Kwamba alikuwa jenerali niligundua nilipokuwa nafuta vumbi. Picha yake ilikuwa nyuma ya saa ya mezani, amevaa magwanda na nyota mabegani. Sisi watu wa Fizi, kule Kongo, tunajua neno jenerali lilituletea nini. Nikamuuliza kama ni yeye. "Nilikuwa," akasema. "Sasa ni mzee anayevalishwa soksi, na soksi yenyewe umeigeuza." Nilipotazama, kweli nilikuwa nimeigeuza.

Basi wakati huo huo nilikuwa nimempenda mama yako mdogo Riziki. Tulikuwa tunaimba kwaya moja, katika ukumbi wa chini wa kanisa la watu wengine waliotuazima saa za mchana. Alinicheka lile koti, nami nikajua nimekwisha. Yeye naye hakunikataa. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Asukulu. Alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba binti yake hatamtoa kwa mtu anayekuja peke yake kama mwuza mitumba. "Aje na watu wake," alisema. Na watu wangu walikuwa wapi? Baba alikwisha kufa. Baba yako, kaka yangu, alikuwa bado kambini, na wewe ulikuwa unatambaa. Waliokuwa nami Minneapolis walikuwa vijana wenzangu tu, na kijana haposewi na vijana. Tena kulikuwa na mwingine, dereva wa malori wa Iowa, mwenye wajomba wa kila namna, na Mzee Asukulu alishasema kwamba Pasaka ikifika atampa jibu.

Kwa hiyo asubuhi moja nilimvalisha Mzee Konrad soksi moja nyeusi na nyingine ya kijani. Akaitazama miguu yake, akaniuliza, "Leo akili yako iko wapi?" Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Huyo baba anataka nini hasa?" akauliza.

"Anataka mtu mzima asimame aseme kwamba ananijua."

"Mimi nakujua," akasema.

Mwanangu, maneno hayo sijayasahau. Sikuwa nimeambiwa hivyo na mtu mzima tangu tuvuke ziwa kukimbilia Tanzania.

Basi jenerali akaingia kazini. Akaagiza karatasi kubwa, akanichoresha sebule ya Mzee Asukulu: mlango, makochi, jikoni, dirisha. Akauliza nani hukaa wapi. Akaanza kuchora mishale. Kwenye kochi la baba mkwe aliandika "adui", akakohoa, akafuta, akaandika "wakwe". Kisha nikamfundisha sentensi moja ya Kiswahili ambayo mposaji lazima aitamke mwenyewe: "Tumeona ua katika bustani yenu." Tuliifanyia mazoezi kila nilipomnyoa, povu likiruka. Aliitamka kama anayeamuru mizinga ipigwe. Wazee wenzake wakaisikia mezani, nao wakaishika. Kuna bibi mmoja, wazazi wake walitoka Norwe, akaanza kunisalimia hivyo kila asubuhi nikimpelekea uji. "Tumeona ua!" ananiambia. Nami namjibu, "Tumeona, bibi."

Alitoa sharti moja tu. "Mtanitaja kwa jina langu. Cheo kiko kabatini, kikae huko huko." Nikakubali. Lakini kwenye msafara wetu alikuwako rafiki yangu Bahati, huyu mnayemwita shemasi leo. Unajua sisi Wakongo na vyeo. Mtu akiingia mahali lazima atangulizwe: direkta fulani, pasta fulani, prezidenti wa kwaya fulani. Bahati mwenyewe alikuwa prezidenti wa vijana, na vijana wenyewe hatukufika kumi. Nilipomweleza sharti la mzee alishika kichwa. "Wilondja, unapata général mzima, unamuficha kama deni?" Nikamwambia ni lazima. Akasema sawa, kwa uso wa mtu ambaye hajakubali.

Jumamosi yenyewe theluji ilikuwa inayeyuka, barabara zote za mtaa wa Phillips ni maji matupu. Binti wa mzee alituendesha. Mzee amevaa suti ya kahawia na tai, amenyolewa na mimi. Tukafika, tukakuta lifti ya jengo imekufa, na kina Asukulu wanakaa ghorofa ya juu kabisa. Vijana wa kwaya wakaruka kukishika kile kiti. Mzee akainua kiganja. Wakasimama. Nikawanong'oneza, wakaelewa, wakasema wote kwa pamoja, "Mzee, turuhusu!"

"Ruhusa imetolewa!"

Wakambeba ngazi kwa ngazi huku wakiimba. Milango ikafunguka kila ghorofa. Akina mama wa Kisomali wakatoka kutazama, na mmoja, bila hata kuuliza ni sherehe gani, akapiga vigelegele vilivyojaza jengo. Mzee alikuwa amekaa wima hewani, ameweka mikono magotini, anacheka kama mtoto aliyebebwa begani na babake. Mimi nyuma nikajisemea, leo tumeshapata mke.

Hapo ndipo Bahati alipofika mlangoni, pumzi juu, zile nyimbo zimempanda kichwani. Akagonga, akatangaza kwa sauti kubwa: "Hodi wenye nyumba! Tumefika na Général! Général mwenyewe wa Ujerumani!"

Ndani walikuwa wanaitikia wimbo wetu. Wakanyamaza wote.

Mwanangu, kanisa zima lilijua jambo moja kuhusu Mzee Asukulu. Kifungua mimba wake alichukuliwa njiani na askari wa mtu aliyejiita jenerali, na hajaonekana tena mpaka leo. Bahati alilijua. Nililijua mimi. Mlango ukafunguka na Mzee Asukulu akasimama hapo, mfupi, mikono pembeni, haangalii mtu.

"Ku nyumba yangu, général hataingia," akasema. "Mumurudishe kwenye mulimutoa."

Kwetu anayeposewa hafungui kinywa. Ukisema neno siku hiyo umeharibu mwenyewe. Nikabana meno. Nyuma ya baba yake niliona pazia la jikoni, na vidole vya Riziki vimelishika kwa nguvu. Moyoni nikamwona yule dereva wa Iowa akisogea, na wajomba wake wote.

Mzee Konrad hakuelewa maneno, ila sauti aliielewa. Akamgeukia shangazi yake Riziki, Shangazi Nyota, aliyekuwa amewekwa mkalimani kwa sababu alisafisha vyumba vya hoteli na Kiingereza chake hakikumwogopa mtu. "Amesema nini?" Shangazi akamweleza bila kupaka asali, na habari ya yule mtoto akamweleza.

Mzee akavua kofia. "Mwambie yuko sahihi," akasema. "Mlango ni wake. Mwambie naomba nimjibu hapa hapa nje, kisha vijana wanishushe."

Mzee Asukulu akasema, "Bon. Aseme."

Ndipo Mzee Konrad akasema, mwanangu, taratibu, akimpa Shangazi nafasi baada ya kila sentensi. Alisema: Nilipokuwa na umri kama wa hawa walionibeba nilikuwa luteni katika jeshi la watu waovu. Tulipelekwa katika nchi isiyo yetu. Siku moja kijiji kilichomwa moto, na kazi yangu mimi ilikuwa kulinda barabara. Niliilinda vizuri. Sikuuliza waliomo ni akina nani, ingawa nilikuwa nawasikia. Baadaye nilitekwa, nikakaa kifungoni, nikarudi kwetu nikakuta kila kitu ni vifusi. Nikawa mwashi, na kazi ile niliipenda. Miaka ikapita, nchi ikaunda jeshi jipya, wakaja kuniita. Nilikataa. Walipokuja tena nikakubali kwa sababu moja: nilitaka awepo mtu wa kuwafundisha vijana kwamba amri ya kuchoma nyumba za watu haitiiwi, na mwalimu wa somo hilo awe mtu aliyewahi kutii. Hilo ndilo nililofundisha mpaka nikastaafu. Halikumrudisha mtu hata mmoja wa kile kijiji, na halitamrudisha mtoto wako.

Shangazi Nyota alitafsiri yote, na mwishoni alikuwa anafuta macho kwa kanga.

Mzee Asukulu akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Muulize," akasema, "alipokuwa général alipigana vita gani."

"Hakuna," akajibu Mzee Konrad.

"Hata vita moja?"

"Hata moja. Mwambie nilihesabu viazi. Nilihesabu buti. Maisha yangu yote ya jenerali nilibishana na watu wa wizarani kuhusu buti. Mara moja tu niliongoza askari wengi kwenda kupambana na mto uliofurika, na mto ukatushinda. Sikuwahi kumtuma mtoto wa mtu kwenda kufa. Hilo ndilo ninalojivunia. Nyota zenyewe ni za viazi."

Shangazi akafikiri, akaona habari ni ndefu, akafupisha: "Anasema alikuwa général ya kulisha watu."

Basi hapa, mwanangu, ndipo pa kucheka. Mzee Asukulu alianza kwa mabega. Mabega yakatikisika, kisha kikatoka kicheko ambacho Riziki aliniambia baadaye hakuwahi kukisikia tangu waingie Amerika. Akashika fremu ya mlango. "Général wa viazi! Kama bagénéral ya kwetu bote bangekuwa hivi, leo niko naota jua kule Fizi, hapana kutetemeka huku!" Akajipangusa macho, na sijui yalikuwa machozi ya kitu gani, pengine ya vyote viwili. "Mumuingize muzee. Baridi itamuua."

Akaingizwa, akawekwa kwenye kochi lile lile lililoandikwa "wakwe" kwenye ramani yetu. Mzee Asukulu akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Mutu mwenye anaweza kusema mabaya yake hivi, hatanidanganya juu ya kijana," akasema. "Aniambie mabaya ya huyu."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mzee Konrad akayataja kwa furaha: huchelewa, soksi zinamshinda, huimba akifikiri hakuna anayesikia, kahawa yake ni maji ya mto. Watu wakavunjika mbavu. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi ni mzito," akasema, "na siwezi kujitetea. Wapo wanaoninyanyua kama gunia, si kwa ubaya, wana haraka. Huyu, siku zote nilizomjua, hajaniinua kabla ya kuniomba ruhusa. Nyumbani mwake atakuwa hivyo hivyo. Binti yako hatavutwa mkono."

Alipotafsiriwa hayo, Mzee Asukulu alimpa mkono, na wakakaa hivyo wameshikana, wazee wawili wasiojua lugha moja. Bahati akamkumbusha Mzee Konrad kwa ishara kwamba hajaitamka ile sentensi. Akastuka, akajinyoosha, akanguruma mpaka vikombe vikalia: "TUMEONA UA KATIKA BUSTANI YENU!" Akina mama wakaruka kwa vigelegele, Riziki akaitwa kutoka jikoni, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akachukua soda, akapita mbele yangu kama hanioni, akapiga goti na kumpa Mzee Konrad. Dereva wa Iowa alipewa jibu lake Jumatatu.

Tulipokuwa tunarudi Golden Valley, mimi nikiwa bado naelea, mzee akaniambia, "Wilondja, ulinichorea mlango, ukanichorea jikoni, ukanichorea mpaka dirisha. Kwa nini hukuniambia habari ya mtoto wa yule baba?"

Nikamjibu kweli: niliogopa kwamba akijua hatakubali kwenda.

"Ningekubali kwenda mapema zaidi," akasema, kisha akageuka kutazama theluji.

Hilo lilikuwa karipio lake kwangu, mwanangu, na hakunikaripia tena. Yeye na baba mkwe walikuwa marafiki mpaka mwisho wake. Kila Jumapili mchana walicheza drafti, wakagombana kila mmoja kwa lugha yake, na kila mmoja akidai ameshinda. Alimpakata mtoto wetu wa kwanza. Sasa umejua kwa nini binamu yako anaitwa Konradi, jina ambalo Fizi nzima hulipati.

Sasa turudi kwako. Jumamosi nitakwenda nawe, na nitakwenda mtu yule yule. Mimi ni mfanyakazi wa kutunza wazee. Nimewaogesha watu wengi na sijawahi kuwa meneja wa chochote isipokuwa sufuria za harusi za kanisa. Baba yake Debora ana haki ya kujua ni nani anayesema "nakujua". Ukinipamba, atamtoa binti yake kwa neno la yule meneja, na meneja hayupo; siku atakapomtafuta atakukuta wewe. Mwache anione nilivyo. Na kabla ya Jumamosi, fanya kazi ambayo mimi sikuifanya: muulize Debora nyumba yao inaumia wapi, unieleze, nisije nikaingia kwa mbwembwe nikakanyaga kidonda cha watu.

Mabaya yako nitayasema, jiandae. Nitasema hurudishi vyombo vya watu, na gari unaliendesha kana kwamba unakimbizwa. Halafu nitawaambia kwamba mama yako alipolazwa mwaka ule ulikuwa unamsuka nywele, na kabla ya kugusa kichwa chake ulikuwa unasema, "Mama, naweza?" Ulidhani hakuna aliyekuwepo mlangoni. Nilikuwepo. Ndiyo maana nakujua.

Mungu akupe mlango unaofunguka, mwanangu, na mkwe anayecheka kwa mabega. Akupe mke utakayemwomba ruhusa mpaka mzeeke, na watoto watakaokuomba ruhusa siku utakaposhindwa kujiinua. Nipitie Jumamosi mapema. Suti ya kahawia aliniachia mzee, nimeshaipiga pasi, na soksi zote mbili ni nyeusi.